Sauti Uliyoiruka

Tumaini mwanangu,

Nina wivu. Nimeona nianze na hilo kabla ya salamu, kwa kuwa salamu tulipeana asubuhi na tutapeana tena utakaporudi kutoka kumuaga bibi yako. Hili la wivu hatujawahi kulizungumza, na kesho unaondoka.

Mko huko wewe na baba yako, mimi nimebaki na viazi motoni. Ukungu umeshuka mpaka kwenye miparachichi, jua tangu mchana sijaliona. Sitakuandikia habari za sweta, wala za kufunga mlango, wala za kutolala na jiko la mkaa chumbani. Hizo baba yako atakuwa ameshakuimbia njia nzima, na kesho stendi atarudia.

Mama Neema hapo jirani amenicheka. "Makambako nako ni safari ya kuandikiana barua? Si anapanda Koasta, hata chai haijapoa amefika!" Ni kweli. Ungekuwa unakwenda Dar es Salaam nisingeandika kitu, maana Dar es Salaam simjui mtu. Makambako namjua mtu mmoja, na huyo ndiye anayekwenda kukupa chumba na kukupikia. Kazi ya hesabu kwenye yadi ya mbao umeitafuta mwenyewe ukaipata, nakupongeza, nimewatangazia wote kwenye kwaya. Chumba umepewa na Salome. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Yote yalianza na ile memori kadi iliyojaa nyimbo za kaseti za zamani. Ulirudi kutoka mjini umelowa, mvua za masika zimepamba moto, hata viatu hujavua ukaniuliza, "Mama, umewahi kumsikia mtu anaitwa Msumeno?" Nilikuwa namenya viazi. Nikakujibu, "Nimemsikia." Ukaendelea kunieleza Msumeno ni nani, kwamba alikuwa mpasua mbao wa Matembwe, kwamba gitaa alilichonga mwenyewe, kwamba hakuna redio iliyompiga lakini watu wanamlilia mpaka leo. Ulinieleza vizuri sana. Mimi nikaendelea kumenya, nikajikata kidole, ukaniambia pole.

Kipya kinyemi. Nilikuona ulivyokuwa ukizisikiliza, macho umefumba, kichwa umeegemeza ukutani, na nikakuonea wivu wa kwanza, ule mdogo. Wivu wa masikio. Wewe ulikuwa na nyimbo zote zile mbele yako na hujui hata moja inaishaje.

Na zilikuwa nyingi kweli. Ulichanganyikiwa, nakumbuka. Ulikuwa unauliza, "Sasa mtu mgeni anaanzia wapi?" kana kwamba ni mlima. Ulishaelezwa jinsi alivyofanya kazi, kwamba Msumeno hakuwa na duka wala studio. Ukitaka kaseti yake ulimpelekea kaseti yako tupu na betri mpya, ukakaa kwenye gogo ukasubiri, naye akakuimbia zote upya toka mwanzo, akikusalimia kwa jina kati ya wimbo na wimbo. Mwalimu wa Igwachanya ana yake, dereva wa Makete ana yake, mchungaji ana yake. Kwa hiyo wimbo mmoja upo mara nyingi, na kila mara ni mwingine.

Ukajiunga na lile kundi la kwenye simu, Wana wa Msumeno. Wazee wazima, wapasua mbao wastaafu, walimu, wanagombana kutwa kucha. Mmoja anakuambia anza na zile za mwisho alipokuwa anaumwa. Mwingine anasema thubutu, anza na za katikati, alizoimba na Salome, huyuhuyu wa Makambako. Jambo moja tu walikubaliana, nawe ukanisomea kwa sauti huku unacheka: "Za mwanzo mwambieni huyo binti aziache kwanza, kuna mwanamke anaharibu."

Wakati huo mwanamke anayeharibu alikuwa anakukaangia maandazi.

Siku ile ya mahindi ndiyo iliyonimaliza. Tulikuwa watatu tunapukuchua, wewe umeweka simu ndani ya bakuli ili sauti iwe kubwa, ukasema leo unazijaribu za mwanzo ili umalize zote. Ukaanza wimbo wa blanketi. Msumeno akaimba mstari wake wa kwanza, hajafika mwisho, mwanamke akaingia. Ukaangua kicheko. "Jamani, huyu mama ana haraka! Anamkata mwenzie mdomoni." Ukabonyeza, ukauruka. Ukabonyeza tena, ukauruka na unaofuata. Kisha ukaweka wimbo uleule wa blanketi, ule aliouitikia Salome, na baba yako akaacha kupukuchua ili asikilize. Halafu akakumbuka, akanitazama mimi, akarudi kwenye mahindi yake.

Ni mimi, Tumaini. Yule mwenye haraka ni mimi mama yako.

Usijilaumu kwa kutonitambua. Redio ya Msumeno siku zile ilikula betri, na betri zikichoka wakati wa kurekodi, ukija kucheza baadaye sauti inakimbia, inakuwa nyembamba. Mimi mwenyewe nilipojisikia nilidhani ni kitoto cha shule. Ningependa sana kukuambia kwamba na ile haraka nayo ilikuwa ya betri. Haikuwa ya betri.

Nilikuwa Matembwe kwa shangazi yangu, aliyekuwa akiwapikia wapasua mbao. Kazi yangu ilikuwa kubeba masufuria ya makande mpaka kwenye shimo la kupasulia. Hukuwahi kuliona, siku hizi ni mashine tu. Gogo linalazwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzie anasimama chini shimoni, na msumeno mrefu unapita kati yao. Wa juu anavuta, wa chini analegeza. Wa chini anavuta, wa juu analegeza. Ili wasipishane, waliimba. Msumeno alikuwa wa juu siku zote, na nyimbo zake zote zilizaliwa pale. Ndiyo maana kwenye kaseti unamsikia akisema, "Wa chini, upo?" Wengi mnadhani ni utani. Ndivyo alivyomwita yeyote aliyemwitikia.

Siku moja mwenzie alilala na homa na mteja alishafika na kaseti yake. Mimi nilikuwa naimba sauti ya pili kanisani, nikajitia kimbelembele nikasema naweza. Nikawa wa chini.

Alinifundisha kwa upole. Aliniambia, "Mdogo wangu, ukivuta kabla sijamaliza, msumeno unapinda, na mbao inatoka na tumbo. Nisubiri nimalize." Nilielewa. Kila mara nilielewa, na kila mara niliingia mapema. Nilikuwa naujua mstari unaofuata, nilikuwa naupenda, nikaona kungoja ni kuchelewa. Kuna kaseti moja, ya mzee wa Lupembe, unamsikia Msumeno anacheka katikati ya wimbo. Ananicheka mimi.

Lakini hakunifukuza, Tumaini. Hilo wale wazee wako wa kwenye simu hawalijui. Aliimba nami kaseti moja baada ya nyingine, na watu wakazichukua wakashukuru.

Halafu Salome akaja na kaka yake kununua mbao. Watu wa Ludewa, wa kandokando ya ziwa. Msichana mrefu, mtulivu, kanga yake safi mpaka unajiuliza amepita barabara ipi. Nilikuwa nagawa chakula, mikono imejaa, Msumeno akamwambia kwa utani, "Dada, hebu uwe wa chini mara moja, huyu wangu ana kazi." Wimbo ulikuwa huohuo wa blanketi, wa mume na mke wanaovutana blanketi moja kwenye baridi yetu hii. Msumeno akamaliza mstari. Salome akanyamaza kidogo. Akaingia.

Nilikuwa nimeshika sufuria, nikajua palepale. Kile kimya kidogo mimi sikuwahi kumpa. Wapasua mbao wote waliacha kutafuna.

Nikaweka sufuria chini nikasema naumwa kichwa, na sikurudi tena shimoni. Msumeno alimtuma mtu kuniita, nikakataa. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwa shangazi, akanisalimia kikwetu, "Kamwene," nikajifanya nimelala. Watu waliponiuliza nilisema kanisa limenikataza nyimbo za dunia. Kanisa halikunikataza, mwanangu, hata mchungaji alikuwa na kaseti ya Msumeno, na mimi ndiye niliyeitikia humo ndani.

Sasa ona nilichojifanyia. Kuanzia siku ile sikutaka kumsikia tena. Zikipigwa kwenye harusi natoka nje. Baba yako alipoleta kaseti nyumbani mwaka tulipooana nilimwambia achague, naye maskini akampa kaka yake. Miaka yote aliyoimba na Salome, na ile ya mwisho alipobaki peke yake, na ule wimbo wa msitu uliokuliza wewe, sikuwahi kuzisikia mpaka ulipozileta wewe kwenye memori kadi. Mimi niliyekuwa pale zilipozaliwa. Ukienda sokoni nilikuwa nachukua ile simu yako ya zamani nasikiliza jikoni mlango nimefunga. Na mimi nilikuwa mgeni, tena mgeni mwizi. Nikisikia mlango wa nje nazima, nashika mwiko.

Salome anaimba vizuri. Nimeandika, limeisha. Mungu amsamehe.

Wivu wangu haukumpunguzia Salome hata sauti moja. Mimi ndiye nimekaa bila nyimbo. Wanasema msumeno hukata mbele na nyuma, mimi wangu ulikata nyuma tu. Ningekuwa nimepona ningekushauri kitu, lakini unaona mwenyewe, bado hali yangu ni hiyohiyo.

Ulipompata Salome kupitia kwa wale wazee, na mkaanza kupigiana simu, nilikuwa nakusikia ukiwa uani. "Shikamoo mama. Ndiyo mama. Asante sana mama." Kila sentensi mama. Siku ulipomtajia jina la babu yako, ambalo ndilo nililoitwa kule Matembwe, yeye alijua mara moja wewe ni nani. Hukujua kwamba kesho yake alinipigia mimi. Nilikuwa nimesahau sauti yake ya kuongea, ni ya chini, anaongea taratibu mpaka salio linalia.

"Dada," akaniambia, "ni mwanao?"

"Ni wangu."

"Hajui kwamba uliimba?"

"Hajui."

"Nimwambie?"

"Usimwambie." Nikaongeza, maana nilitaka kumuuma kidogo, "Huwa anazipenda zako."

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mimi nilijifunza kwa kaseti zako, dada. Kaka yangu alikuwa nayo moja kabla hatujafika Matembwe. Niliisikiliza mpaka nikajua pa kusubiri ni wapi, kwa sababu ndipo ulipokuwa unaingia wewe."

Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinitukana. Baba yako anasema amenisifu, lakini baba yako kwa Salome si shahidi wa kuaminika. Ninachojua ni kwamba nilimkataza kukuambia, naye hajakuambia. Hata hapo amejua kusubiri. Hilo nalo limenikera.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka unitambue mwenyewe. Kila ulipobonyeza nilisema moyoni, sasa hivi atageuka aseme, Mama, ni wewe. Mtoto nimemnyonyesha, nimemwimbia, damu ni nzito kuliko maji, atanijua tu. Ukauruka. Nilikutegea mtihani bila kukupa swali, halafu nikakuadhibu kwa kufeli.

Maana lile la Jumamosi shambani lilikuwa adhabu. Tulikuwa tunachimba viazi, ukaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, una nini na yule mama wa Makambako? Kila nikimtaja unanuna."

Nikakujibu, "Unamwita mama."

"Kila mtu mzima namwita mama. Hata muuza nyanya namwita mama."

"Muuza nyanya hajakupa chumba."

Ukacheka, ukidhani natania. Ndipo nikasema lile neno, kwamba basi nenda kwa mama yako huyo, atakufundisha na kuimba. Kicheko kikakuisha. Ulichimba mpaka mwisho wa tuta, ukafuta jembe, ukaenda nyumbani. Na jioni ukanisalimia kama kawaida, ukanipakulia chakula na nyama ile nzuri. Ningekuwa mimi ningesusa wiki nzima. Sijui upole huo umeutoa wapi, kwangu si kwamba haupo, ni kwamba sijawahi kuuona.

Nisamehe kwa neno lile.

Nenda kwa Salome, ule chakula chake. Ana mgahawa, hakika anajua kupika, sitashangaa. Muulize habari za zile kaseti za katikati, muulize Msumeno alikufa akisema nini, kwa kuwa yeye alikuwepo na mimi nilikuwa nimenuna. Ukitaka kumwita mama, mwite. Nimejaribu kuandika mwite shangazi, nikafuta. Sitaki uingie kwenye nyumba ya mtu ukiwa umebeba wivu wangu mfukoni, utakuchomea nguo.

Ila nakuomba kitu kimoja, na ndicho kilichonikalisha hapa viazi vikirojeka.

Zile nyimbo za mwanzo bado zipo kwenye simu yako, nimeangalia. Kesho Koasta likitoka stendi, weka hedifoni. Usianze na za katikati, na hao wazee waambie mama yako amekataa. Anza mwanzo, wimbo wa blanketi, kaseti ya mwalimu wa Igwachanya. Msikilize huyo mwanamke mwenye haraka mpaka mwisho kabla hujafika Makambako, kabla hujakaa kwenye meza ya mwenzie. Ni mbaya, najua. Anavuta kabla ya zamu yake, mbao inatoka na tumbo. Lakini alikuwa na umri kama wako, na alikuwa anaupenda ule wimbo kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, hata kuliko huyo aliyejua kusubiri. Hilo utalisikia ukitulia. Salome anaimba kama mtu anayejua ataitwa. Mimi niliimba kama mtu anayeogopa kwamba hataitwa.

Usiuruke, Tumaini. Safari hii tu.

Nasikia baba yako anakohoa kule barabarani, na wewe unacheka, mnarudi. Nitaikunja barua hii niiweke kwenye mfuko wa mbele wa begi, chini ya sweta ambayo sikukuandikia habari zake. Uso nitauweka sawa. Utaingia, utaniuliza kama viazi vimeiva, nami nitakujibu vimeiva muda mrefu.

Kesho ukishafika huko kutakuwa na siku utakayoniita. Utakuwa umechoka, au umeumwa, au umefurahi tu. Utaita ukiwa mbali na nitapaswa kusubiri umalize kuita ndipo niitikie, kama alivyonifundisha Msumeno, kama anavyoweza Salome. Mimi siwezi, mwanangu. Hujafungua geti, hujaondoka, hujaniita, nami nimeshaitika.

Abee.

Mama yako, wa chini